Ndoto Iliyosimuliwa Mara Mbili

Njia ya mwongo si fupi. Wanaosema ni fupi hawajawahi kuifuata. Ni ndefu, imenyooka, imepigwa lami, na kandokando yake pamepandwa maua. Anayejikwaa ni msema kweli, maana njia yake ni ya mawe na hakupata wasaa wa kuifagia. Inspekta alilijua hilo tangu zamani, ndiyo sababu kila shahidi alimwomba asimulie mara mbili. Kituoni walimwita Bi Rudia. Jina hilo nalo alilijua, wala halikumsumbua.

"Mshonaji keshakiri," Sajini alisema wakishuka garini. "Tumekuja kurudia nini tena, mkuu?"

"Kukiri kwake."

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, mwisho wa mtaa wa maduka ya vifaa vya shule. Juu waliishi daktari na mkewe. Chini ilikuwa kliniki ya usingizi: chumba cha vitanda, chumba cha kusikilizia, na ofisi. Daktari mwenyewe alikuwa na sifa mbili mjini. Alikuwa tabibu wa magonjwa ya akili aliyemaliza ujana wake akichunguza ndoto. Tena alikuwa mwandishi wa riwaya, na watu waliomwogopa kama tabibu walimpenda kama mtunzi.

Jana alfajiri mswada wa riwaya yake mpya, ulioandikwa kwa mkono na usio na nakala, ulichomwa ndani ya ofisi ile. Ukuta mmoja tu uliutenga moto na wagonjwa waliolala. Mmoja wao, mshonaji nguo aliyeletwa kwa sababu hutembea usingizini, aliamka akasema ameota anachoma. Mchana haukufika kabla bodi ya hospitali kuu haijaamua: leo saa nne asubuhi gari litamchukua, apelekwe wodi ya kufungiwa. Kuingia wodi ile kulihitaji saini ya mtu mmoja. Kutoka kulihitaji bahati. Na mshonaji alikuwa na mtoto anayeanza kutambaa, na mama mkwe aliyekuwa akitafuta kwa tochi sababu ya kumnyang'anya.

Muuguzi aliwafungulia mlango. Sajini, mtu wa watu, alianza, "Habari za asu..." na hakumaliza. Muuguzi alikuwa ameshamwekea kiganja mdomoni.

Nyuma yake alipita mzee mmoja mnene, amevaa nguo za kulalia, macho nusu wazi, akitembea kama aliyebeba beseni lililojaa maji pomoni. Akaingia chumba cha kusikilizia. Mlango ulipofungwa, muuguzi akashusha mkono.

"Samahani, afande. Sasa salamu nazipokea."

"Nyumba haina salamu," Sajini alisema akijifuta mdomo. "Tumeingia kwa wachawi?"

"Amri ya daktari. Mtu akiamka hasalimiwi wala hasalimii mpaka ameitoa ndoto yake. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia mgonjwa 'umeamkaje'. Nilinuniwa na nyumba nzima mpaka jua likazama."

"Hata huko juu?" Inspekta aliuliza.

"Huko juu ndiko ilikoanzia. Mama anasema tangu wameoana hajawahi kusalimiwa na mumewe kabla ya kuulizwa ameota nini."

"Mke wangu angenifungulia kesi," Sajini alisema.

Ofisini Inspekta hakuanza na majivu. Kila aliyeingia chumba kile jana alianza na majivu, na ndiyo maana hakuna aliyeona kingine. Alisimama katikati, mikono nyuma, akageuka polepole kama mpangaji anayekagua chumba.

Majivu yalikuwa ndani ya beseni la bati, juu ya sakafu ya saruji, mbali na zulia. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Pazia la dirisha lilikuwa limefungwa fundo, likaning'inizwa juu ya komeo. Vitabu vya rafu ya karibu vilikuwa vimehamishiwa kwenye kiti, vimepangwa, migongo upande mmoja.

"Pazia alilifunga nani?"

"Tulilikuta hivyo," muuguzi alisema. "Na vitabu pia."

"Ulipoingia uliingiaje?"

"Kwa mlango huu wa ukumbini. Nilisikia harufu, nikaja mbio, nikausukuma, ukawa mzito. Nikasema pengine umevimba kwa joto. Kumbe taulo lilikuwa limebanwa chini, bichi, linachuruzika maji. Nililiokota nikalianika."

Sajini, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. "Jana hukunitajia taulo."

"Jana hukuniuliza taulo, kaka. Uliniuliza mshonaji."

Inspekta alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya mlango. Alama ya maji ilikuwa bado kwenye saruji, upande wa ndani. Akasimama, akatazama mlango wa pili, ule mwembamba ulio nyuma ya meza.

"Ule unaelekea wapi?"

"Kwenye ngazi za juu. Kwao."

"Na pengine?"

"Hakuna pengine, afande. Ngazi ni hizo tu."

Sajini alielewa. Ilimchukua muda wa kufunga daftari na kulifungua tena. "Aliyebana taulo alilibania ndani. Halafu hakutokea hapa."

"Huu ni moto wenye adabu," Inspekta alisema. "Umewaonea huruma waliolala, pazia na vitabu. Mtu anayetembea usingizini hafungi pazia fundo."

"Basi ni daktari mwenyewe. Hawa watunzi, mkuu, huamka siku moja wakaona walichoandika ni takataka. Amechoma, akaona aibu kusema."

"Inawezekana."

"Unasema 'inawezekana' kama mtu anayesema 'hapana'."

"Niletee mshonaji."

Mshonaji aliingia na begi lake, limeshafungwa zipu. Alikuwa mwembamba, vidole vimejaa alama za sindano. Aliketi ukingoni mwa kiti kama anayengoja kuitwa jina lake.

"Dada, nisimulie ulichoota jana," Inspekta alisema.

"Nilishamsimulia huyu kaka."

"Nisimulie na mimi."

"Niko kwa shangazi yangu. Nina pasi ya mkaa, ninanyoosha gauni la arusi, cheche inaruka. Gauni linawaka. Nalikung'uta, linazidi kuwaka. Watu nje wanaimba, hawanisikii." Aliinama. "Ndipo nikaamka, moshi umejaa pua. Ni mimi, afande. Nyumbani niliwahi kuamka nikakuta jiko linawaka na mkono wangu uko juu ya kiberiti. Sijui niliwashaje. Kama niliweza kule, hapa nashindwa nini?"

Sajini alikuwa amefungua maelezo ya jana, anafuata kwa kidole. Alipotolewa mshonaji, alilaza kidole mezani.

"Anayumba. Jana alikuwa kwa mama yake, leo kwa shangazi. Jana lilikuwa shuka, leo gauni la arusi. Na jana hakukuwa na waimbaji hata mmoja. Mkuu, mtu anayeyumba hivi ana lake jambo."

"Tumuulize mwenye fani."

Daktari alikuwa chumba cha kusikilizia, amekwisha kumaliza na mzee mnene. Mtu mrefu, mvi zimechanwa vizuri, kalamu mbili mfukoni, moja ya kazi na moja ya kujivunia. Aliwakaribisha kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Daktari, ndoto ikisimuliwa mara mbili inakuwaje?"

Uso wake ulichangamka. "Umeuliza swali la maisha yangu. Hapa kila ndoto naisikiliza mara mbili, mtu akiamka na tena alasiri. Ndoto ni kama barafu mkononi, bibie. Unapoionyesha mara ya pili, imepungua na imebadilika umbo. Mama anakuwa shangazi, mto unakuwa barabara. Kinachobaki ni hofu yenyewe."

"Na ikisimuliwa vilevile, neno kwa neno?"

"Basi si ndoto. Ni kitu kilichotungwa." Akatabasamu. "Mimi mwenyewe mtunzi, najua. Ukurasa nilioutunga naweza kukusomea bila kuutazama."

Sajini alikohoa, akageuza maelezo ya mshonaji yakalala kifudifudi.

"Mtu aliyelala chumba cha pili anaweza kuota moto kwa sababu ya moshi?"

"Mia kwa mia. Usingizi una mlango, lakini mlango wenyewe una nyufa."

"Basi kwa nini hukuiambia bodi?"

Tabasamu liliondoka. "Nilikuwa... Ule mswada niliuandika miaka mingi. Jana sikuwa na akili ya kuiambia bodi lolote."

"Usiku wa kuamkia jana ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Au tuseme nilikuwa kwenye kochi, nilisinzia na kitabu. Hapana, kitandani, kochi ilikuwa juzi yake. Mke wangu aliniamsha. Ama nilisikia kelele kwanza. Unaona? Mimi mwenyewe siaminiki." Alisema hivyo kwa uchungu, na Sajini hakuandika kitu.

Mlangoni Inspekta aligeuka. "Mama alikupa ndoto gani asubuhi ile?"

Daktari alipeleka mkono mfukoni, kwenye zile kalamu mbili.

"Palikuwa na moto," alisema. "Sikumuuliza."

Ukumbini muuguzi alikuwa akikunja mashuka. Inspekta akashika ncha moja, wakakunja pamoja.

"Ulipopiga kelele ya moto, nani alifika kwanza?"

"Mama. Alishuka kwa zile ngazi, akapita ofisini, tukakutana mlangoni."

"Alisema nini? Neno la kwanza kabisa."

Muuguzi alikunja shuka nusu, halafu robo. Mikono yake ikasimama.

"Alisema, 'Umeamkaje, mwanangu?'"

"Ukamjibu?"

"Nilishtuka. Nilisema moyoni, leo Mama amechanganyikiwa na moto." Alishusha shuka. "Mama hasalimii mtu kabla ya ndoto, afande. Ndiye aliyenifundisha mimi. Yeye husema salamu ni ufagio, ukimsalimu aliyetoka usingizini umemfagia."

"Asante, mwanangu," Inspekta alisema, ingawa walilingana umri.

Mke wa daktari aliwapokea sebuleni juu. Alikuwa mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kamba shingoni, na meza ilikuwa na vikombe vya chai kabla hawajaketi. Ukutani palikuwa na vitabu vya mumewe, kila kimoja na jalada lake kwenye fremu. Chini ya majalada palikuwa na picha moja ndogo ya mtoto mchanga.

"Huyu ndiye shahidi wangu bora," Sajini alimnong'oneza Inspekta. "Hakubabaika hata nukta."

"Mama, tutakuchosha. Nisimulie jana alfajiri."

"Hamnichoshi, mwanangu. Nilikuwa nimelala fofofo. Nikasikia harufu ya moshi, nikadhani ni jirani anachoma taka, nikageukia ukutani. Kisha nikasikia muuguzi anapiga kelele, nikavaa kandambili, moja ikanipotea, nikashuka na moja."

Kidole cha Sajini kilikuwa juu ya karatasi ya jana. Kilipita mstari hadi mstari bila kuruka. Fofofo ilikuwepo. Jirani alikuwepo na taka zake. Kilipofika kwenye kandambili iliyopotea, kilisimama, na Sajini akamtazama mkuu wake kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa.

Inspekta alikunywa chai. "Tamu. Mama, uliota nini?"

"Lini?"

"Asubuhi hiyo, ulipokuwa umelala fofofo."

Mwalimu aliivua miwani, akaiacha ining'inie. "Sikumbuki."

"Unakumbuka kandambili. Kila siku tangu uolewe umeulizwa ndoto kabla ya salamu, na siku hiyo ulimsalimu muuguzi kama mtu wa kawaida tu, mtu aliyeamka saa nyingi. Hukuwa na ndoto ya kulinda, mama. Hukulala."

Nje mtu aliburuta lango. Mwalimu alisikiliza mpaka lilipotulia.

"Nilidhani yeye atagundua," alisema. "Miaka yote hii anachunguza usingizi wa watu. Nilimsubiri aniulize. Akanipita kwenda kwenye majivu."

"Pazia uliliokoa."

"Nililishona mwenyewe. Na wale watu chini wamelala, ningewakosesha pumzi kwa ugomvi wangu? Nililowesha taulo." Alisogeza kikombe chake. "Yule binti ameshafunga begi?"

"Ameshafunga."

"Basi nipelekeni kwake kwanza. Mengine baadaye."

Walimkuta mshonaji ukumbini, begi mapajani. Mwalimu hakukaa wala hakuzunguka. "Binti yangu, moto nimewasha mimi. Wewe ulikuwa umelala kitandani mwako mpaka ulipoamka. Nimekuachia mzigo wangu mchana na usiku, na hilo ni baya, nakuomba radhi mbele ya hawa."

Mshonaji alimtazama, akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. "Sikutembea?"

"Hukutembea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

Mshonaji alifungua zipu ya begi, akatoa kandambili, akazivaa. Sajini alitoka kwenda kumsubiri dereva wa hospitali langoni. Wote walimsikia akimwambia, bila utani safari hii, kwamba hakuna wa kubebwa, ageuze gari, na bodi itapigiwa simu na Inspekta mwenyewe.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kusikilizia. Alikuwa amesikia yote.

"Wewe?" alisema. "Mke wangu, wewe ndiye uliyekuwa msomaji wangu wa kwanza."

"Ndiyo. Ndiyo maana."

Waliingia ofisini, Inspekta, Sajini na hao wawili, beseni la majivu katikati yao. Inspekta alivuta kiti, akashika kalamu. "Mama, sema taratibu. Nitaandika."

Mwalimu alisema akimtazama mumewe, si kalamu. "Tulizaa mtoto mmoja. Alifariki hajajua kukaa. Tangu hapo huja usingizini, na kila mwaka amekua. Alikuja na daftari la shule. Alikuja na meno ya mbele yametoka. Mwaka jana alikuja anajisuka nywele mwenyewe, akaniuliza kama upande wa nyuma umenyooka. Kila asubuhi nilimpa huyu bwana ndoto ile kwa sababu ni baba yake. Nilidhani tunamlea pamoja. Kumbe mwenzangu anaandika kitabu."

"Nilikiandika kwa mapenzi," daktari alisema.

"Najua. Ni kizuri. Juzi jioni alinisomea sura ya mwisho. Amemuua."

"Riwaya inataka mwisho."

"Mimi sikutaka. Niliogopa kulala, nikisema moyoni nikifumba macho nitamkuta amekufa, kama ilivyoandikwa. Nikashuka. Nikaloweka taulo, nikafunga pazia, nikachoma. Mchana sikusema, maana ningesema ningechukuliwa kabla sijalala. Nilitaka usiku mmoja tu nijue kama yupo."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Na usiku wa jana?"

"Nililala."

"Alikuja?" Aliyeuliza alikuwa daktari. Sauti yake haikuwa ya tabibu wala ya mtunzi.

"Alikuja."

"Alisema nini?"

"Hiyo sikupi."

Daktari aliketi juu ya meza yake, kitu ambacho pengine hakuwahi kukifanya. Baadaye alimgeukia Inspekta. "Karatasi ni zangu, nyumba ni yangu. Nafuta malalamiko."

"Wagonjwa walikuwa wamelala nyuma ya ukuta huu. Hilo si lako kulifuta. Nitaandika kilichotokea, na taulo nitaliandika. Hakimu atapima."

"Hakimu hupima na majuto, sivyo?" Alimrudia mkewe, mikono imefunguka. "Basi sema unajuta. Sema samahani kwa mswada, neno moja, aliandike, tuyamalize. Mimi nimeshasamehe kabla hujaomba."

Mwalimu alivaa miwani. "Mwanangu, umeandika yote?"

"Nimeandika. Sasa rudia, mama."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Akarudia. Sajini alifuata kwa kidole, na kidole kikapotea mara moja. Safari hii pazia lilitangulia taulo. Safari hii mtoto hakuwa na daftari la shule, alikuwa na viatu vipya vinavyombana. Nywele zilikuwa zimeshasukwa, na swali lilikuwa la upande wa kushoto. Sajini aliacha kufuata, akaweka mkono juu ya goti, akasikiliza tu.

"Hapo mwisho," Inspekta alisema. "Mumeo ameomba neno moja. Niliandike?"

Mwalimu alilitazama beseni, halafu mumewe, bila hasira, kama amtazamaye mwanafunzi mzuri aliyekosea hesabu rahisi.

"Binti nimemwomba, na wale wengine waliolala nitawaomba mmoja mmoja. Kwa karatasi zile, andika kwamba siombi radhi. Ukinirudisha hapa kesho ukanirudia swali, maneno yatabadilika, na radhi sitaomba."

Inspekta akaandika.